Mama Salma Kikwete na Bunge

Wapo wanaosema Mama Salma, mke wa Rais mstaafu wa Tanzania Jakaya Kikwete, aliingia bungeni kwa viti maalumu mumewe akiwa bado Rais. Hapana, hakuingia kwa viti maalumu, wala hakuwa mbunge wakati mumewe yuko Ikulu. Kikwete alitoka madarakani Novemba 2015. Mama Salma aliteuliwa na Rais Magufuli Machi 2017, katika zile nafasi 10 za wabunge wa kuteuliwa ambazo Katiba, ibara ya 66, inampa Rais. Viti maalumu ni kitu kingine kabisa, ni vile vya wanawake vinavyogawiwa vyama kulingana na kura, ila watu huvichanganya kila siku. Mwaka 2020 akagombea jimbo la Mchinga, huko Lindi, kwa tiketi ya CCM, akawa mbunge wa jimbo.

Kuhusu WAMA (Wanawake na Maendeleo), taasisi ya Mama Salma, wanaosema kwamba ilikuwa "ofisi ya serikali" nao wamekosea. Ni taasisi isiyo ya kiserikali aliyoianzisha 2006, ndiyo iliyojenga sekondari ya wasichana ya WAMA-Nakayama kule Nyamisati, mkoa wa Pwani. Katiba yetu haina cheo cha mke wa Rais, ingawa ukubwa wa jina lazima ulisaidia kufungua milango ya wafadhili. Kabla ya yote hayo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.