Tonado ikiwa jirani na wewe uko barabarani

Wadau mnaoendesha semi, yaani malori ya trela, huku Marekani, na nyie mnaosafiri usiku na familia, kitu cha kwanza jueni mko kaunti gani. Siyo jimbo, siyo mji, kaunti, yaani kama wilaya ndani ya jimbo. Onyo la tonado, yaani kile kimbunga chembamba kinachozunguka mpaka chini, likisomwa redioni linataja kaunti, sasa utasikia Warren County mpaka saa saba na nusu usiku, na wewe uko zako barabara kuu ya I-65 unachojua ni umetoka Nashville unaenda Louisville, hilo jina litakusaidia nini? Mimi nimeandika kaunti zote za njia zangu na namba za maili kwenye karatasi, iko kwenye dashibodi. Na saa nayo iangalie, maana ukishapita mji wa Bowling Green, Kentucky, kwenda kaskazini saa inaruka mbele lisaa limoja kabla hujafika Elizabethtown na simu inajibadili yenyewe, kwa hiyo onyo lifuate kwa saa ya huko linakohusu.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 nilikuwa njia hiyo hiyo. Tangu mchana walishatangaza kwamba hali ya hewa inaweza kuzaa tonado, Desemba yote hiyo lakini joto utadhani Mei, na joto la namna hiyo likija na unyevu kutoka Ghuba ya Mexico huku baridi inasukuma kutoka magharibi, aise usilifurahie. Tangazo hilo la mwanzo ndio muda wa kuamua utalala wapi. Likija lile la pili, kwamba tonado ipo tayari au rada imeiona, umeshachelewa kuanza kutafuta parking. Nikaegesha Franklin, Kentucky, ukivuka tu mpaka wa Tennessee. Mzigo ulichelewa, bosi alipiga kelele, basi.

Saa saba na kitu tonado ikapita Bowling Green, kama maili 20 mbele yangu. Ile nyingine ya Mayfield, mji wa magharibi mwa Kentucky, ilishapita mapema usiku huo, ilitembea ikigusa ardhi zaidi ya maili 160 na kuua watu 57. Pale Bowling Green kuna Wakongo wengi, Wabosnia, watu wa Burma, na vifo vilikuwa zaidi ya 15. Alfajiri simu yangu imejaa voice note za watu wanalia, na ndugu wa Bukavu wanauliza kila aliyeko Kentucky yuko hai. Usiwapigie walioko huko mfululizo jamani, network imezidiwa, tuma meseji fupi, yenyewe inapenya.

Kingine, daraja la juu ya barabara siyo kimbilio. Watu wanapaki chini yake kwa sababu linazuia mvua ya mawe, lakini upepo ukipita pale unabanwa unaongezeka nguvu, vitu vinaruka kama risasi, halafu mmeziba njia wengine hawapiti. Trela tupu ndio mbaya zaidi, linapinduliwa hata na upepo ambao siyo tonado. Ingia ndani ya truck stop, kituo cha malori, chooni au chumba cha kati kisicho na dirisha. Ukikosa kabisa, baki garini na mkanda, inamisha kichwa chini ya usawa wa dirisha ukifunike, au kama kuna mtaro ulio chini sana kuliko barabara lala humo kifudifudi. Na usisubiri kuiona, usiku huoni kitu.

Simu isiwe silent. Hilo tu.

Kesho yake usikimbilie mjini kupiga picha, au na semi yako eti unapeleka msaada. Barabara zimejaa misumari ya mapaa, matairi yanaisha, na mafundi wa umeme wanahitaji njia. Uliza kwanza kanisani au kwa viongozi wa jumuiya wanataka nini. Sana sana ni maturubai, glavu za kazi, maji, pampasi na gift card. Nguo za mtumba wanakuwa nazo milima.