ID za rekodi: mambo ya kujua kabla hujaunda tebo ya kwanza

Nyie mnaoanza bekiendi, swala la ID (namba au alama ya kutambulisha kila rekodi) linaonekana dogo mpaka data ikishajaa ndo unagundua kulibadilisha ni kazi ya kutoa jasho, kwahiyo lifikirie mapema.

Ile oto inkrimenti (1, 2, 3) ikikaa ndani ya databesi haina neno, ni nyepesi na joini zinaenda fresh. Balaa ni kuitoa nje. Mtu akiona /risiti/1041 kwenye linki lazima mkono umuwashe ajaribu 1042, na kama seva haiulizi hii risiti ya nani, kaskripti kadogo tu kanazoa za watu wote usiku mmoja. Na hata asipofungua kitu, akijisajili leo akapewa 5200 na wiki ijayo 5260 ameshajua mnaingiza wateja kiasi gani. Vita vya Pili vya Dunia mahasimu wa Wajerumani walikadiria vifaru vinavyotengenezwa kwa mtindo huo huo, kwa kusoma namba zilizogongwa kwenye vipuri.

Kuna wanaopitisha ID kwenye MD5 (fomula inayogeuza kitu kuwa mfuatano wa herufi na namba) wakadhani wamejificha. MD5 ya 1 ni c4ca4238a0b923820dcc509a6f75849b, dunia nzima inapata hiyo hiyo, na kompyuta ya kawaida inapiga milioni ya kwanza yote fasta tu. uniqid() ya PHP nayo ni saa ya seva imevalishwa nguo, na Math.random() ya JavaScript haikutengenezwa kwa mambo ya usalama. Ukitaka ID isiyobashirika tumia random_bytes() ya PHP, secrets ya Python, au crypto.randomUUID() ya JavaScript.

UUID ni ID ndefu isiyotegemea kuhesabu 1, 2, 3, na toleo lake la v4 lina biti 128, 122 kati ya hizo ni randomu, kugongana sahau. Ila ukiifanya praimari kii (kolamu kuu ya kutambulisha rekodi) kwenye InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, utajuta tebo ikikua, maana rekodi zinapangwa kwenye diski kwa kufuata hiyo kii, sasa kila mpya inatua popote, peji zinagawanyika hovyo, alafu kila indeksi nyingine inabeba kopi yake. Na msiihifadhi kama maandishi ya herufi 36 jamani, ni baiti 16 tu! UUID v7 (RFC 9562, mwaka 2024) imetibu hilo, biti 48 za mwanzo ni muda kwa milisekunde so zinaingia kwa mpangilio, ila inamwambia kila anayeiona rekodi iliundwa lini.

Mimi napenda mbili: BIGINT ndani (sio INT, inaishia 2,147,483,647), na kolamu ya pili yenye UUID v4 na indeksi ya yuniki, hiyo ndo inaonekana nje.

Na bado linki zinaforwadiwa, zinabaki kwenye logi na histori ya brauza, kwahiyo kwerii iwe WHERE public_id = ? AND mteja_id = ?, hiyo mteja_id itoke kwenye sesheni sio kwenye fomu, na rekodi ikiwa sio yake mrudishie 404 (jibu la "haipo") ile ile anayopata mtu aliyebuni ID isiyokuwepo.