Saruji iache stoo: kujaza viungo vya ukuta wa jumba la kale England

Ukipangiwa kazi kwenye jumba la matofali kama Blickling Hall kule Norfolk, lililosanifiwa na Robert Lyminge katika karne ya 17, saruji iache stoo. Kuta hizi hazikuwekewa kizuizi cha unyevu. Maji ya mvua huingia kidogo, kisha hutoka kupitia viungo vya chokaa, yaani mistari ya kati ya tofali na tofali, ambavyo ni laini kuliko tofali. Ukiviziba kwa saruji, maji hupita kwenye tofali lenyewe. Majira ya baridi huganda, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Hapo uso wa tofali hubanduka, na tofali la miaka 400 halina spea.

Kibali kwanza. Blickling iko Daraja la Kwanza la majengo yanayolindwa. Kubadili sura ya jengo la namna hiyo bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na fundi naye anaweza kushtakiwa, si mwenye nyumba peke yake.

Mota iliyochakaa, yaani mchanganyiko wa chokaa na mchanga uliojaza viungo, itoe kwa tindo nyembamba na nyundo. Grainda hapana: ikiteleza mara moja imekula ukingo wa tofali, na kiungo hakirudi upana wake tena. Chimba kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kiungo. Saruji ya zamani iliyong'ang'ania usiilazimishe, subiri ilegee.

Changanya ndoo moja ya chokaa iliyoiva majini angalau miezi 3 na ndoo tatu za mchanga mkali uliooshwa. Kwa nini tatu? Nafasi kati ya punje za mchanga ni kama theluthi ya ujazo wake, na chokaa ndiyo huzijaza. Punje ziwe za ukubwa tofauti, la sivyo mota itapasuka. Mafundi wa Lamu na Unguja waliozoea chokaa ya matumbawe wataitambua mkononi. Kigeni kwao ni barafu.

Lowesha ukuta, shindilia kwa tabaka, na mota isivuke ukingo wa tofali. Ikianza kukaza, igongegonge kwa brashi ngumu mpaka punje zionekane. Funika kwa magunia yenye unyevu angalau wiki moja: chokaa hukaza kwa kufyonza kaboni dayoksaidi hewani, na ikikauka haraka hubaki unga unaokwanguka kwa ukucha. Chini ya nyuzi joto 5 za Selsiasi usianze. Mwenye nyumba akikuharakisha mwezi Novemba, mwambie asubiri Aprili.