Kabla Hujavua Viatu Mtoni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, Jumamosi mimi na wenzangu tunakwenda kuogelea mto Weruweru. Tubebe nini?" Ujumbe ule nimeusoma mara tatu, maana hata mimi nilikuwa nauliza hivyohivyo. Tulibeba nyama, spika na simu zenye chaji.

Ilikuwa Aprili. Moshi mjini jua linawaka, mtoni maji yanafika kiunoni na kokoto zote unaziona. Nguo tukaziweka juu ya jiwe kubwa katikati ya mto. Akapita mzee mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akasema, "Wanangu, tokeni. Mlima umefunga mawingu." Tukamwamkia shikamoo, tukaendelea kucheka.

Hazikupita dakika 20. Yalianza kuja majani makavu na vijiti, halafu maji yakageuka rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Nilipogeuka kutazama nguo, jiwe halipo. Binamu yangu alikuwa ng'ambo, ameng'ang'ania mzizi wa mti mpaka kucha mbili zikang'oka. Waliomtoa ni vijana wa pale kijijini, kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini mtoni hajaingia tena, na shangazi tukikutana msibani ananipa mkono bila kunitazama. Safari niliipanga mimi. Bado inaniuma.

Mvua iliyoujaza mto ule hatukuona hata tone lake. Ilinyesha juu msituni, na kwenye korongo jembamba maji hayana pa kutandaa. Kwa hiyo tazama mlima kabla ya kutazama mto, na uulize wenyeji. Waulize wanaochota maji, waulize wakata majani. Wakisema toka, toka.

Tangu siku ile nimepeleka watu mtoni mara 11 na wote nimewarudisha kwao, nalisema kwa fahari. Huwa natafuta pa kutokea kabla ya pa kuingilia. Kina nakipima kwa mti mrefu, na hakuna kupiga mbizi. Mmoja anabaki ukingoni na kamba iliyofungwa kwenye dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa: hilo linaelea na mtu analishika. Maji yakikuchukua, lala chali, miguu itangulie. Penye maji yaliyotulia, magugu na konokono, kuna kichocho, usiingie. Na msiteremke kwa kufuata maji mpaka mto Kikuletwa, Weruweru inakoishia. Huko chini kuna mamba.

Vijana, msiniambie mnajua kuogelea. Binamu yangu alikuwa anatushinda wote. Ulizeni wenyeji, jamani, ulizeni!

Na wewe uliyeniandikia: masika haya usiwapeleke wenzako. Ngoja Julai. Nenda kwanza peke yako asubuhi, na nguo zako mwilini, ukae ukingoni uongee na watu wa pale. Kamba na dumu ninavyo, njoo uchukue.