Je, kurekodi darsa la televisheni na kulivunja kufuli lake ni wizi?

SWALI: Assalaam aleykum sheikh wetu. Mimi ni muuguzi hapa Jinja, na miezi hii niko zamu ya usiku. Baba yangu yuko Arua. Kiharusi kilimlaza, huu mwaka wa pili hajafika msikitini. Ramadhani iliyoisha nilirekodi darsa la tafsiri kila jioni kwa king'amuzi changu, ambacho nakilipia kila mwezi. Baada ya Idi nikapanda basi na ile diski hadi Arua. Kwenye televisheni ya kaka yangu ikagoma: taa inawaka, vipindi havionekani. Kwangu Jinja inafunguka vizuri, maana king'amuzi huzitia rekodi kufuli la kielektroniki zisifunguke kwenye kifaa kingine. Mtoto wa kaka akawapelekea vijana wa mjini wanaovunja kufuli hilo kwa shilingi 10,000, na nusu nimeshalipa. Ustadhi mmoja wa mtaani kwetu amenikemea kwamba hata kule kurekodi ni wizi, kwamba kufuli ni kufuli, na kwamba mimi na anayekatwa mkono tuko hukumu moja. Tangu hapo sirekodi tena. Baba huniuliza kwenye simu: "Leo sheikh amefika aya gani?" Nakosa la kumjibu.

JIBU: Wa aleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Allah ampe mzee wako shifaa, na zile saa unazokesha na wagonjwa wa watu azitie katika mizani yako.

Kurekodi kipindi ulichokilipia ukitazame utokapo kazini ni halali, na sitakurefushia hapo. Kilichonisumbua ni lile neno "wizi".

Wizi katika fiqhi una mipaka yake, na mafaqihi hawakuiweka kwa mchezo, maana nyuma yake kuna mkono wa mtu. Ni kuchukua mali ya mwingine kwa siri, kuitoa mahali ilipohifadhiwa, nayo iwe imefikia kiwango. Katika hadithi ya Bibi Aisha iliyo kwa Bukhari na Muslim, kiwango hicho ni robo dinari. Sasa namuuliza ustadhi: huyu binti amechukua nini kwa siri? Matangazo yaliingia sebuleni kwake kwa ridhaa ya mwenyewe, baada ya malipo yake kupokelewa. Alipobonyeza kitufe cha kurekodi, kitufe ambacho mtengenezaji mwenyewe amekiweka kwenye rimoti, ni nani aliyeamka asubuhi akakuta mali yake imepungua? Na kanuni ya kwamba hadi, yaani adhabu iliyowekwa na sharia kama hiyo ya kukatwa mkono, huondolewa kwa shubha, yaani panapokuwa na shaka, mwanafunzi wa fiqhi huisikia mapema sana. Kuiruka kanuni hiyo na kumwambia mwanamke Muislamu kwamba hukumu yake ni ya kukatwa mkono ni ujasiri juu ya dini ya Allah. Naona ustadhi ana deni la kumwomba radhi.

Nimeambiwa wenye rai hii hutegemea azimio la Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, kikao cha Kuwait cha mwaka 1988. Azimio hilo ni la kweli na mimi nalifuata: haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzifanyia uadui. Lakini neno lililotumika ni i'tidaa, yaani kuvamia haki ya mtu. Anayenakili kazi ya mwenzake akaiuza stendi amevamia. Muuguzi anayeitazama darsa saa nne asubuhi badala ya saa kumi na mbili jioni amemvamia nani? Sheria yetu ya hakimiliki hapa Uganda, ya mwaka 2006, nayo imeacha nafasi kwa matumizi binafsi. Na Marekani, ambako wenye filamu waliipeleka kampuni ya Sony mahakamani kwa sababu ya mashine za kurekodi, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1984, majaji 5 kwa 4, kwamba mtu kurekodi nyumbani ili atazame baadaye si kosa. Sichukui dini yangu kwa majaji wa Marekani. Naonesha tu kwamba hata mahali wanapoichunga biashara hii kwa ukali, neno la ustadhi halikukubaliwa.

Na kufuli? Kufuli hueleza analotaka aliyeliweka. Halijui halali na haramu. Humzuia mfanyabiashara wa flashi na humzuia mgonjwa wa Arua vilevile, na huenda sheikh mwenye darsa angefurahi kusikia kwamba darsa lake limefika kitandani kwa mzee.

Hata hivyo, usikimbilie kwa wale vijana. Uliponunua king'amuzi kulikuwa na karatasi ya masharti, na wengi wetu huitia sahihi bila kuisoma. Isome. Ikiwa ndani yake uliahidi kutoligusa kufuli, basi Allah amesema mwanzo wa Suratul Maida, "Enyi mlioamini, timizeni ahadi," na Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema Waislamu wako kwenye masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kuvunja ahadi ni dhambi kwa jina lake, haihitaji kuitwa wizi ili iogopwe.

Lipo na jingine. Vijana hao wakishafungua diski, nakala moja huweza kubaki kwenye kompyuta yao. Nalijua hili kwa uchungu. Hotuba yangu moja ya Ijumaa, kuhusu haki za yatima, niliikuta inauzwa kwenye flashi pale stendi, katikati yake wameingiza tangazo la dawa ya nguvu za kiume, sauti yangu inakatika kwenye neno "yatima" na muziki unaanza. Sikudai senti. Lakini niliumia, na sipendi sheikh wa darsa lako yamfike hayo kupitia mkono wako bila wewe kujua.

Njia zipo. Umesema diski inafunguka kwenye king'amuzi chako: basi likizo ijayo kifunge kwenye kanga, ukibebe pamoja na diski, mzee aangalie siku zote ulizopo. Pia wapigie simu stesheni, au msikiti anaosomesha sheikh huyo, uwaeleze habari ya baba yako na uombe nakala ya sauti. Mwenye haki akiridhia, maneno yamekwisha.

Lakini binti yangu, rudia swali la mzee. Hakuuliza diski iko wapi. Aliuliza sheikh amefika aya gani, na hilo unaweza kulijibu leo. Endelea kurekodi. Ukitoka zamu, ukishapumzika, tazama darsa moja tu, kisha mpigie. Msomee aya kwa sauti yako, mweleze ulichoelewa, na pale ulipokosea muache akusahihishe. Mtu aliyelala miaka miwili ana hamu ya kuulizwa jambo analolijua. Kaka yako amwekee simu karibu na sikio lile linalosikia vizuri.

Na diski, mwambie mtoto wa kaka akaichukue leo kabla hawajaifungua, hata wakikataa kurudisha ile elfu tano.