Likizo ya Uzazi: Hesabu Tarehe Kabla Hujaandika Barua

Wasomaji wetu wengi wanajua kuwa mama aliyeajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Wanachokwama nacho ni tarehe na karatasi. Majibu ya leo yanafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria yake. Swali moja limetoka Kenya, nalo tumelijibu kwa sheria ya huko.

Nina mimba ya miezi minne na ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Mwanza. Bosi bado hajajua. Nimwambie lini, na nianze likizo lini ili nikae na mtoto muda mrefu? (Mhasibu, Mwanza)

Dada, bado una nafasi nzuri, ila usiichezee. Sheria inataka umpe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makisio ya kujifungua, na taarifa hiyo iambatane na cheti cha daktari. Tuseme makisio yako ni 15 Novemba. Siku ya mwisho ya kutoa taarifa ni 15 Agosti. Ukitaka ushauri wetu, peleka barua mwezi mmoja kabla ya hapo, maana kliniki inaweza kukuzungusha kuhusu cheti.

Usidhani nakala ya kadi ya kliniki inatosha. Mwombe daktari karatasi yenye jina lako kama lilivyo kwenye mkataba wa kazi, umri wa mimba kwa wiki, tarehe ya makisio, sahihi na muhuri. Mara nyingi hesabu ya hedhi ya mwisho hutoa tarehe moja na ultrasaundi ikatoa nyingine. Mwambie daktari aandike moja tu, na hiyohiyo uitumie kwenye barua. Tarehe mbili tofauti kwenye faili moja huzaa mabishano baadaye.

Barua yenyewe iwe fupi:

*YAH: TAARIFA YA KUCHUKUA LIKIZO YA UZAZI. Natoa taarifa kuwa ni mjamzito na natarajia kujifungua tarehe 15 Novemba, kama cheti cha daktari kilichoambatishwa kinavyoonesha. Naomba kuanza likizo ya uzazi ya siku 84 tarehe 8 Novemba hadi 30 Januari. Makabidhiano ya kazi nitayakamilisha kabla ya tarehe 31 Oktoba.*

Chapa nakala mbili. Moja ibaki kwa afisa utumishi, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Hii nakala ndiyo kinga yako. Afisa utumishi anaweza kuhama, meneja akabadilika, na maneno mliyozungumza ukumbini yasipate shahidi.

Sasa tarehe ya kuanza. Unaruhusiwa kuanza likizo wiki 4 kabla ya makisio, au mapema zaidi daktari akiona afya yako inahitaji. Kumbuka siku 84 zinahesabiwa mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukianza 18 Oktoba, siku yako ya mwisho ni 9 Januari, na mtoto aliyezaliwa 15 Novemba atakuwa na wiki 8. Ukianza 8 Novemba, siku ya mwisho ni 30 Januari, mtoto akiwa na wiki 11. Ukiunganisha na likizo ya mwaka ya siku 28 kwa makubaliano na mwajiri, unafika 27 Februari, na mtoto ana wiki 15. Ndiyo maana wanaotaka muda mrefu na mtoto hutunza likizo ya mwaka tangu mwanzo wa mimba badala ya kuimega siku tatutatu.

Ila usikaze mno kubaki kazini. Presha ikipanda au miguu ikivimba, wiki tatu za ziada na mtoto hazina thamani ya hatari hiyo. Na ukiwa umeanza mapema kisha mtoto akachelewa, angalia hesabu isikubane: ukianza 18 Oktoba na kujifungua 25 Novemba, unabaki na siku 46 tu. Sheria hairuhusu mama kufanya kazi ndani ya wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua bila daktari kuthibitisha kuwa yuko fiti, kwa hiyo hapo umebakiza siku 4 juu ya kiwango hicho.

Nafanya zamu za usiku mapokezi hotelini. Wananiambia wajawazito wote hufanya. (Mpokezi, Arusha)

Waoneshe cheti chako. Kuanzia miezi 2 kabla ya makisio hadi miezi 2 baada ya kujifungua, mwajiri haruhusiwi kukupanga kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Daktari anaweza kuandika muda huo uanze mapema zaidi. Omba kwa maandishi ratiba ibadilishwe, tena kabla haijabandikwa. Ratiba ikishatoka, kila mwenzako ana sababu ya kukataa kubadilishana.

Nilijifungua Januari 2025, na sasa natarajia tena Juni 2026. Ofisini wanasema nitapata likizo bila mshahara kwa sababu haijapita miaka mitatu. Ni kweli? (Karani, Tanga)

Hapa ndipo wengi hukosea, waajiri na waajiriwa pia. Sheria inatoa siku 84 katika kila mzunguko wa likizo, na mzunguko wa likizo ya uzazi ni miezi 36. Lakini miezi hiyo haihesabiwi kuanzia siku uliyojifungua. Inahesabiwa kuanzia siku uliyoanza kazi kwa mwajiri huyo, kisha mzunguko mwingine hufuata ule wa kwanza unapoisha.

Fungua mkataba wako. Kama uliajiriwa 1 Machi 2022, mzunguko wa kwanza uliisha 28 Februari 2025 na wa pili ukaanza 1 Machi 2025. Uzazi wako wa kwanza uko kwenye mzunguko mmoja, wa pili uko kwenye mwingine, na zote mbili ni likizo za malipo. Kama uliajiriwa Juni 2024, hesabu inakugeukia: zote zimeangukia mzunguko mmoja, na likizo ya pili ni ya kuzungumza na mwajiri. Likizo ya mwaka ndiyo itakayokusaidia zaidi hapo.

Mambo mengine ya hesabu hii: waliojifungua mapacha wanapata siku 100. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mama anastahili siku 84 nyingine zenye malipo ndani ya mzunguko huohuo. Tunaliandika hili kwa sababu akina mama waliofiwa mara nyingi hurudishwa kazini bila mtu kuwaeleza. Na mwajiri analazimika kutoa likizo ya uzazi mara 4 tu kwa mwajiriwa mmoja.

Mkataba wangu wa mwaka mmoja unaisha nikiwa likizo ya uzazi. Wanaweza kukataa kuuongeza? (Afisa miradi, Dodoma)

Likizo hairefushi mkataba. Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake, huisha. Lakini kama ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia utaongezwa, kukataa kuuongeza kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi, na kuachishwa kwa sababu ya ujauzito si halali. Kwa hiyo kusanya ushahidi kabla hujaondoka: mikataba ya nyuma iliyoongezwa, tathmini ya utendaji, baruapepe inayokupangia kazi za mwaka ujao. Viweke nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi.

Ukiona umeachwa, usisubiri mtoto akue. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa fomu namba 1 ya Tume. Madai mengi mazuri hufia kwenye siku hizo 30, kwa kuwa mama yuko kitandani anauguza kidonda cha upasuaji na hakuna aliyemkumbusha. Mpe mtu unayemwamini nakala za karatasi zako mapema.

Nina duka la vipuri lenye wafanyakazi watano. Keshia wangu ni mjamzito. Nimlipe yeye na anayeshika nafasi yake? Je, NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) haimlipi? (Mwajiri, Morogoro)

Ndugu yetu, mshahara wa likizo ni wako. Fao la uzazi la NSSF ni haki yake ya uanachama, na haliondoi wajibu wako. Ili alipate, awe amechangiwa miezi isiyopungua 36, na 12 kati yake iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Anyimwapo, kosa mara nyingi ni la mwajiri aliyekata mchango bila kuupeleka. Mwambie aombe taarifa ya michango yake sasa, nawe uzibe miezi iliyopungua kabla hajaenda kudai.

Miezi 3 ya taarifa uitumie kumfundisha mwenzake. Wiki mbili za mwisho wafunge hesabu pamoja kila jioni: fedha taslimu, miamala ya simu, madeni ya wateja. Siku ya makabidhiano wahesabu droo wote wawili na kusaini. Upungufu ukijitokeza baadaye, hautamwangukia aliye kitandani.

Huku Kenya siku ni ngapi? (Msomaji, Mombasa)

Miezi 3 yenye mshahara kamili, kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Taarifa ya maandishi ni siku 7 kabla, ingawa kumpa mwajiri muda zaidi kunakusaidia wewe pia. Likizo yako ya mwaka haipotei kwa sababu umechukua ya uzazi.

Naishi Mbagala, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Saa 2 za kunyonyesha zitanisaidia nini wakati safari peke yake inazimaliza? (Mama wa mtoto mmoja, Dar es Salaam)

Sheria inakupa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, na haikulazimishi kurudi nyumbani katikati ya mchana. Kubaliana na mwajiri uzitumie mwishoni, utoke saa 9 badala ya saa 11. Ombi hilo liweke kwenye barua kabla hujaanza likizo, maana siku ya kurudi, kazi huwa zimekurundikania.

Kama utatoka saa 9, omba pia dakika ishirini asubuhi na mchana za kukamua, katika chumba chenye mlango unaofungwa; choo si mahali pa kukamulia maziwa ya mtoto. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, na chumba cha Dar kisicho na kiyoyozi hakiko hivyo. Beba kibegi cha baridi chenye vipande vya barafu, ambamo yanakaa hadi saa 24. Anza kukamua nyumbani wiki mbili kabla ya kurudi, na mlezi amzoeze mtoto kunywa kwa kikombe ungali karibu.