Simu ya bei nafuu yenye 3D bila miwani: ikague hivi kabla hujatoa pesa

Neno 3D limechakazwa sana madukani. Ukiuliza simu ya 3D Kariakoo au Luthuli Avenue, unaweza kuletewa simu ya kawaida yenye kioo kilichopinda ukingoni, kwa sababu kioo cha namna hiyo huandikwa 2.5D au 3D kwenye boksi. Ukiuliza protekta utapewa ya 9D au 21D, namba ambazo hazihusiani na picha hata chembe. Zinasifia tu kioo kinachofunika mpaka pembeni. Simu inayozungumziwa hapa ni ile ambayo skrini yake inapeleka picha moja kwenye jicho la kushoto na nyingine kwenye jicho la kulia, nawe ukaona kitu kimetokeza mbele au kimezama ndani bila kuvaa chochote. Zipo chache, na nyingi utazikuta zimeshatumika.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Frederic Ives alipewa hataza Marekani mwaka 1903 kwa picha iliyofunikwa na mistari myembamba, kila jicho likipata vipande vyake. Kwenye simu, mwaka 2011 zilitoka LG Optimus 3D na HTC Evo 3D, zote za inchi 4.3. Mwaka 2018 ikaja RED Hydrogen One kwa dola 1,295, na mwaka uliofuata mradi huo ukafungwa. Mwaka 2019 huo huo ROKiT ya Marekani ilitoa IO 3D na IO Pro 3D, zote chini ya dola 300, na hizo ndizo mfano mzuri wa kundi la bei nafuu. Amazon Fire Phone ya mwaka 2014 iweke pembeni. Ina kamera nne mbele zinazofuata kichwa chako na kuizungusha picha, lakini macho yote mawili yanaona picha ileile. Muuzaji akishikilia kuwa hiyo ni 3D, fumba jicho moja. Kama mchezo huo wa picha kuzunguka unabaki vilevile, si 3D ya macho mawili.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoeleza karibu kila kasoro utakayokutana nayo. Chukua skrini ya inchi 5.45 yenye pikseli 1440 kwa 720. Ukiilaza, upana wake ni milimita 124 hivi, kwa hiyo pikseli moja ina upana wa milimita 0.086. Juu yake hubandikwa karatasi ya vilenzi vyembamba vilivyosimama wima, kila kimoja kikifunika jozi ya pikseli, au huwekwa pazia la mistari myeusi linalowashwa na kuzimwa kwa umeme. Pikseli moja ya jozi inaelekezwa jicho la kushoto, ya pili jicho la kulia. Macho ya mtu mzima yameachana kwa wastani wa milimita 63. Ukishika simu sentimita 35 kutoka usoni, kila jicho lina eneo lake la upana wa sentimita 6 hivi, basi. Ukisogeza kichwa sentimita 3 macho yote yanakaa mpakani na picha zinachanganyika. Ukisogeza 6, jicho la kushoto linaangukia eneo la kulia na kina kinageuka: pua inazama, ukuta unatokeza. Hata kichwa kikitulia, kuizungusha simu mkononi nyuzi 10 tu kunatosha kuleta balaa hilo. Ndiyo maana filamu ya 3D ndani ya daladala haitazamiki.

Hesabu hiyo pia inakuonyesha unachopoteza. Pikseli 1440 zimegawanywa macho mawili, kwa hiyo kila jicho linabaki na safu 720 kwa upana. Simu ikiandikwa 720p, yaani pikseli 720 upande mfupi, ujue kwenye 3D utaona picha yenye chenga kuliko simu nyingine ya bei hiyohiyo. Kwa skrini inayozidi inchi 5, mimi nisingeshuka chini ya 1080p kama 3D ndiyo sababu ya kununua.

Usikubali kuikagua simu kwa video iliyokuja nayo. Video za maonyesho zina rangi nyingi, mwanga mwingi na kina kifupi, kwa makusudi, maana hapo kasoro zinajificha. Nenda na faili lako. Litengeneze nyumbani kwa programu yoyote ya kuhariri picha, dakika tano zinatosha. Fungua picha yenye ukubwa sawa na skrini, tuseme 1440 kwa 720. Ijaze nyeusi yote. Igawe katikati. Nusu ya kushoto andika herufi K nyeupe, nene, karibu na juu. Nusu ya kulia andika L nyeupe karibu na chini. Zibane kwa upana, kwa sababu simu itazinyoosha mara mbili. Hifadhi kama PNG, kwa sababu JPEG huacha madoa pembezoni mwa herufi na utadhani ni kosa la skrini. Iweke kwenye memori kadi.

Dukani ifungue kwenye galari ya 3D ya simu hiyo, chagua mpangilio wa picha mbili ubavu kwa ubavu, ilaze simu, ishike sentimita 35 huku pua ikiwa sawa na katikati ya skrini. Fumba jicho la kulia. Unapaswa kuona K peke yake juu ya weusi mtupu. Angalia pale chini ambapo L ingekuwa: kama kuna L ya kijivu imekaa kama kivuli ukutani, hiyo ni picha ya jicho moja inayovuja kwenda jingine. Kivuli hafifu cha kulazimika kukitafuta kinavumilika. Kivuli kinachosomeka mara moja kitakusumbua kwenye kila tukio la usiku na kila maandishi meupe, na hakuna mpangilio wa kukiondoa, maana kinatokana na jinsi karatasi ya vilenzi ilivyobandikwa kiwandani. Badilisha jicho, rudia. Wakati mwingine upande mmoja ni safi na mwingine unavuja. Dalili kwamba karatasi imebandikwa ikiwa imehama kidogo. Ukiwa katikati kabisa na jicho la kushoto linaona L, programu imegeuza pande. Tafuta kitufe cha kubadilisha kushoto na kulia kabla ya kuilaumu skrini.

Rudia hayo kwenye kona nne za skrini. Karatasi iliyobandikwa vizuri katikati inaweza kuwa imehama pembeni, na video ya mfano haitakuonyesha.

Baada ya hapo zima 3D na uiangalie kama simu ya kawaida, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyotumika saa nyingi za siku. Fungua ujumbe mrefu wa WhatsApp, weka herufi ndogo na mandhari nyeusi. Tazama herufi m na n kwa karibu. Kwenye simu zenye vilenzi visivyozimika, mguu mmoja wa m huwa na wekundu na mwingine ukijani, na mistari ya wima inacheza ukitikisa simu. Hiyo ni kwa sababu kila kilenzi kinakuza vipande vya rangi vinavyounda pikseli na kuvitawanya. Ukisoma sana kwenye simu, hilo litakuchosha macho kuliko 3D yenyewe. Zenye pazia la umeme zinakuwa safi zikizimwa, ila zikiwashwa mistari myeusi inazuia karibu nusu ya mwanga. Washa na kuzima mara mbili tatu ukiwa umeweka mwangaza kiwango kilekile. Kama picha inafifia wazi ndani ya duka, mchana nje hutaona kitu, na ukipandisha mwangaza kufidia, betri ndiyo inalipa.

Skrini zinazofuata macho kwa kamera ya mbele ni hadithi nyingine kidogo. Kamera ikijua macho yako yalipo, simu inasogeza maeneo ya kushoto na kulia yakufuate. New Nintendo 3DS ilifanya hivyo kwa kusaidiwa na taa ya infraredi, ndiyo maana ilimwona mchezaji hata gizani. Simu ya bei nafuu ikitegemea kamera ya kawaida tu, ipeleke mahali penye giza, kwa mfano chini ya kaunta, uone kama inakupoteza. Kisha tikisa kichwa polepole kushoto na kulia: picha ikiruka kwa kuchelewa, mfumo ni mzito kwa prosesa hiyo. Pia inamfuata mtu mmoja. Wawili hamtazami pamoja.

Kuhusu kitu cha kutazama, hapa wanunuzi wengi wanakwama wiki ya pili. Filamu za 3D za kuhifadhi kwenye simu huja kwa sura mbili. Moja ina picha mbili kamili ubavu kwa ubavu, 3840 kwa 1080. Nyingine ina picha mbili zilizobanwa kwa upana ndani ya 1920 kwa 1080. Tafuta iliyobanwa. Prosesa nyingi za bei ya chini zinaishia kusoma video ya 1080p, kwa hiyo faili kubwa litakwama kwama au halitafunguka kabisa, na hata likifunguka skrini yako haina safu za kutosha kuonyesha faida yake. Lililobanwa linakula bando sawa na filamu ya kawaida. Jaribu pia maandishi ya tafsiri ya chini: kicheza video kisichojua 3D kitayapitisha katikati ya picha zote mbili, na kila jicho litapata nusu ya sentensi.

Kitufe cha kugeuza picha ya kawaida kuwa 3D kisikupandishie bei. Simu inakisia tu: ya chini iko karibu, ya juu iko mbali, chenye ukungu kiko nyuma. Ipe picha ya mtu mwenye nywele za kutimka akiwa mbele ya wavu wa dirisha, utaona nywele zimeshikana na wavu na uso umekatwa kama karatasi.

Na kama simu ina kamera mbili za nyuma za kupigia 3D, pima kwa rula umbali kati ya lenzi. Wapiga picha za namna hii wana kanuni ya moja kwa thelathini: kina kinakaa vizuri pale kitu cha karibu kikiwa mbali mara 30 ya umbali kati ya lenzi. Lenzi zikiachana sentimita 2, sahani ya pilau mezani kwa sentimita 60 itapendeza. Kundi la ndugu harusini, mita 5 mbele, litatoka bapa. Zikiachana sentimita 1, hiyo ni kamera ya kutia ukungu nyuma ya picha, hata boksi liseme nini.

Usisahau macho yenyewe. Mwenye makengeza au jicho moja dhaifu huenda asione kina chochote, na si kosa la simu; kama unamnunulia mtu, mlete ajaribu mwenyewe. Nintendo ilipotoa 3DS mwaka 2011 ilionya kuwa watoto wa miaka 6 kushuka chini wasitumie 3D. Tazama dakika kumi mfululizo kabla ya kulipa. Macho yanalazimika kulenga kitu kinachoonekana kutokeza huku yakifokasi kwenye kioo kilicho nyuma yake, na wengine huumwa kichwa kwa hilo. Punguza kina kwenye mipangilio. Kichwa kikiendelea kuuma, iache.

Ukaguzi wa kawaida ufuate palepale. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Tanzania itume kwenda 15090, maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, imekuwa ikifungia simu bandia tangu Juni 2016. Simu zilizotengenezewa Marekani angalia masafa. Safaricom ya Kenya kwa mfano inatoa 4G kwenye bendi ya 3 na ya 20, na simu nyingi za Marekani hazina ya 20, kwa hiyo mjini itashika na kijijini itarudi 3G.

Protekta weka ya kioo cha wazi tu. Ile yenye uso wa ukungu wa kuzuia mng'ao inatawanya mwanga na kuua 3D yote, na ile ya kuficha skrini kwa watu wa pembeni inaongeza mistari yake juu ya mistari ya simu, ukapata mawimbi.

Mwisho muulize fundi, kabla ya kununua, kama anaweza kupata kioo cha modeli hiyohiyo. Karatasi ya vilenzi imegandishwa kwenye skrini ikiwa imelengwa na pikseli zake, kwa hiyo kioo cha modeli inayofanana kitawasha simu lakini 3D haitarudi, na fundi hawezi kuihamisha karatasi ya zamani kwa mkono. Kama kioo chake hakipatikani, bei unayopaswa kutoa ni ya simu ya kawaida yenye RAM na prosesa ileile. Ukishainunua usifanye riseti mpaka umetoa nakala ya galari na kicheza video vya 3D kama faili za APK, yaani za kusakinishia programu, kwenye memori kadi. Simu iliyotumika huenda programu hizo ziliwekwa na mwenye nayo wa kwanza, na mtengenezaji akishafunga duka lake huna pa kuzipakua tena.